Mji wa Pullman: uliuawa na mdororo au na mwenyewe?

Mtoa mada: Wakuu, kuna watu wanaamini tajiri akiwajengea wafanyakazi wake mji mzima, amewafanyia hisani. Mimi nabisha, na mfano wangu ni George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulalia. Kuanzia 1880 alijenga mji kusini mwa Chicago: nyumba za matofali, maji ya bomba, gesi, maktaba, hoteli yenye jina la bintiye Florence. Lakini kila jengo lilitakiwa kurudisha faida ya asilimia 6, kanisa likiwemo! Pango lake lilikuwa kubwa mno, likakaa miaka bila dhehebu la kulipanga.

Uchumi ulipoporomoka 1893, mishahara ikakatwa kama robo hivi, kodi ya nyumba ikabaki palepale. Kuna waliobakiwa na senti chache tu baada ya makato. Mei 1894 wakagoma, chama cha wafanyakazi wa reli cha Eugene Debs kikasusia mabehewa yale, treni zikakwama, Rais Cleveland akatuma jeshi, watu wakauawa. Mtu mmoja akikulipa na kukudai kodi, utabishana naye vipi?

Mzee wa Reli: Unamwonea, mkuu. Mwaka ule Marekani nzima ilikuwa hoi. Pullman alieleza kwamba alipokea hata oda za hasara ili kiwanda kisifungwe. Na hao wapangaji wangehamia wapi, kwenye mabanda ya Chicago yasiyo na choo cha maana?

Mtoa mada: Oda za hasara, sawa. Mbona wanahisa waliendelea kupata gawio la asilimia 8? Tume ya serikali ilikuta pia kodi zake ziko juu kuliko za vitongoji jirani.

Bi Hoja: Nyote mmeng'ang'ania pesa. Pale fundi hakuruhusiwa kununua nyumba hata awe nazo. Pombe iliuzwa hotelini tu, kwa bei ya mabosi, kwa hiyo wanaume walivuka kwenda kitongoji jirani cha Kensington kunywa. Mtu mzima anapangiwa hadi bia! Pullman alifariki 1897. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Illinois ikaamuru kampuni iuze nyumba zisizo za kiwanda. Nyingi zimesimama hadi leo na watu wanaishi humo, kwa hiyo msiniambie mji ulikufa. Kilichokufa ni umiliki wake.

Mzee wa Reli: Hapo kwenye bia nakubali. Kwenye mdororo sijabadilika.

Mtoa mada: Na gawio je, mzee? Bado hujajibu.