Naomba ushauri: kuhariri upya diwani ya Kimvita

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mhariri hapa Mombasa, na nimekabidhiwa diwani ya zamani ya mshairi wa Kimvita (lahaja yetu ya hapa), ambaye sasa ni marehemu, ili ichapishwe upya kwa sharti kwamba lugha yake isanifishwe, wanafunzi wa bara wasipate taabu. Tahajia haina shida. Linaloninyima usingizi ni ubeti wenye vina vya «-to»: nikiandika «macho» badala ya «mato», mizani haipungui, lakini kina kimevunjika, na mtungaji asiyeweza tena kujitetea ataonekana hakujua kutunga. Pia kuna neno la kuwadunisha wazao wa watumwa, ambalo mchapishaji anataka lifutwe kimya kimya. Linaniudhi mno, ila kulifuta bila kumwarifu msomaji naona ni kumdanganya. Vitabu vya Roald Dahl, mwandishi wa hadithi za watoto, viliporekebishwa Uingereza mwaka 2023 ili kuondoa maneno yaliyoonekana kuudhi, malalamiko yalimfanya mchapishaji wake atangaze kwamba matoleo ya awali nayo yangechapishwa. Sisi hatuna fedha za matoleo mawili. Je, tanbihi chini ya ukurasa zatosha? Na familia ikiridhia mabadiliko, ridhaa yao yanipa haki hiyo kweli? Mliowahi kuhariri mashairi ya kale, naomba mniongoze.