RAT, Big Muff au HM-2 kwa gitaa lililoshushwa hadi C?

NyuziNzito_Malindi
Salaam aleikum wanajukwaa. Niko Maweni hapa Malindi. Gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti) mbili za hambaka, nimelishusha hadi drop C, yaani uzi mnene kabisa unatoa C, nyuzi za unene wa 11 hadi 54. Ampu ni ya transista, wati 40, spika moja ya inchi 10. Napiga doom, metali nzito ya mwendo wa pole: riffu (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) za polepole, noti moja unaigonga, unaiacha ivume mpaka inakaribia kufa, ndipo unaleta ya pili.

Pesa yangu inatosha pedali moja, kile kiboksi cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa. Kuna Green Russian Big Muff (Muff ya mtindo wa Kirusi) iliyo Mombasa, kuna RAT2 iliyotumika, na kuna jamaa anatoka Ulaya anaweza kuniletea HM-2W, ile HM-2 mpya. Ile Muff niliazimwa wiki mbili. Chumbani peke yangu ilikuwa kama ukuta, wallahi nilisisimkwa. Jumamosi tukaenda kufanya mazoezi na mpiga dramu na besi, gitaa langu sikulisikia. Nikaongeza volyumu, nikazidi kupotea. Tatizo ni mimi, ampu au pedali?

FundiNyaya
Aleikum salaam ndugu yangu. Tatizo si wewe. Pedali ilifanya kazi iliyoundiwa.

Big Muff imeanza kutengenezwa na Electro-Harmonix huko New York mwaka 1969. Ndani mna transista nne. Mbili za katikati ndizo zinazokata vilele vya mawimbi kwa daiodi, kwa hiyo sauti inakatwa mara mbili mfululizo, na ndiyo maana noti inadumu sana. Baada ya hapo inapita kwenye saketi ya Tone, na saketi hiyo inachimba shimo kwenye sauti za kati, karibu na Hz 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde). Ya Kirusi shimo lake si kubwa sana, lakini lipo. Ukiwa peke yako chumbani shimo hilo ni tamu, kwa sababu unabaki na besi nene na ukali wa juu. Ukiingia kwenye bendi, besi inachukua chini, matoazi ya dramu yanachukua juu, na pale katikati ambapo gitaa lingesikika huna kitu. Ukiongeza volyumu unaongeza yale yale ambayo wenzio wameshayajaza.

RAT ni mnyama mwingine. Ilianzia Kalamazoo, Michigan, mwaka 1978. Chipu moja, LM308 zamani na OP07 kwenye RAT2 za leo, halafu daiodi mbili zinazokata wimbi kuelekea ardhi. Chipu zote mbili ni za mwendo wa pole, haziwezi kufuata wimbi kali la juu likiwa kubwa, basi ule ukali unalainika wenyewe. Muhimu kwako: haichimbi katikati. Nobu yake ya Filter inaenda kinyume na ulivyozoea, ukizungusha kulia trebo (sauti za juu) inapungua. Watu wengi huishika siku ya kwanza wakaitukana bure kwa sababu hiyo.

HM-2 ya Boss ya 1983 hadi 1991 ndiyo iliyotoa ile sauti ya msumeno ya deathi metali ya Sweden. HM-2W ya mwaka 2020 imeirudisha vizuri. Inasukuma sana chini na pia inasukuma katikati-juu, kwa hiyo kwenye bendi haipotei. Lakini msumeno unakata, hauvumi. Kwa noti ndefu za doom itakuchosha masikio kabla wimbo haujafika nusu.

Mimi ningechukua RAT bila kusita.

BiBesi
Fundi amesema kweli ila amemsahau mpiga besi. Kaka, C yako ya chini ni kama Hz 65, na spika ya inchi 10 haiwezi kuibeba kwa nguvu. Unachokisikia chumbani ukadhani ni besi, kwa kiasi kikubwa ni ndugu zake wa juu, yaani sauti nyembamba zinazozaliwa pamoja na noti hiyo. Sasa mwenzio wa besi anapiga C ya chini zaidi, Hz 33 hivi, na mnagombania mlango mmoja. Kwenye bendi yangu nilimwambia mpiga gitaa apunguze besi ya ampu yake hadi robo. Alinuna siku nzima. Tulipoanza kupiga, gitaa lake likawa zito maradufu, kwa sababu uzito wa chini ulikuwa wangu na meno yalikuwa yake.

Na Muff usiitupe moja kwa moja. Ukiwa na pedali ya EQ (ya kupandisha na kushusha besi, kati na trebo) baada yake ukanyanyua katikati, shimo linajaa. Ila hapo ni pedali mbili, na umesema pesa ni ya moja.

Riffu_Watamu
Kama pesa ndiyo shida, itazame Behringer SF300. Imefuata Boss FZ-2 ya miaka ya 1990, ina nobu za besi na trebo kila moja peke yake, na ina hali ya kuongeza nguvu tu bila fazi (ule mkwaruzo mzito). Boksi ni la plastiki, kanyaga kwa adabu.

FundiNyaya
Dada BiBesi, hapo umenipiku, na historia iko upande wako. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatika ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17. Baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na mwaka 1971 walikuwa wamefika C#, nusu hatua tu juu ya C yako. Pedali iliyokuwa mbele ya ampu yake ya Laney ilikuwa kibusta (kiongeza nguvu) cha trebo. Trebo! Muziki mzito kuliko wote wa zama zake, na alichokuwa anaongeza ni juu na kati, chini kabisa akimwachia mwenzake wa besi.

Shela_Lamu
Mie niko Lamu, hatua chache na ufuo. Chochote utakachonunua, hewa ya chumvi itakifuata. Pedali yangu ya kwanza iliingia kutu kwenye jeki ndani ya msimu mmoja wa kaskazi, nobu zikawa zinakwaruza kama mchanga. Sasa naziweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ukinunua iliyotumika hapa Pwani, zungusha kila nobu polepole ampu ikiwa imewashwa, na uchomeke waya na kuuchomoa mara kadhaa kabla hujatoa pesa.

NyuziNzito_Malindi
Shukran nyote. Nimechukua RAT2, nilifanya kama alivyosema ndugu wa Lamu, na nobu ya Volume ilikuwa inakwaruza kidogo. Muuzaji akapunguza bei.

Jana tulipiga. Distortion chini ya nusu, Filter imepita nusu kidogo kulia, besi ya ampu robo. Chumbani nilihuzunika, ilisikika nyembamba kuliko Muff. Kwenye mazoezi C ya wazi ilisimama juu ya besi na kila mtu akaisikia. Mpiga dramu aliacha fimbo hewani akingoja iishe.

Kitu kimoja kinanitesa: noti inapokufa, mvumo wa umeme unapanda na kujaza ule ukimya. Kwenye doom ukimya ni nusu ya riffu.

FundiNyaya
Hongera sana. Toa adapta, weka betri ya volti 9 ujaribu. Mvumo ukiondoka, adapta ndiyo mbaya. Ukibaki, gusa nyuzi kwa kiganja: ukipungua, ni gitaa lenyewe linaudaka, linataka kuvikwa karatasi ya shaba ndani ya matundu ya pikapu na nobu. Usipobadilika kabisa, angalia soketi ya ukutani kama ina waya wa ardhi, nyumba nyingi za zamani hapa Pwani hauko. Na usije ukakata pini ya ardhi ya ampu kutafuta ukimya, ni umeme wa volti 240 huo na mikono yako iko kwenye chuma. Anza na betri leo usiku, uniambie.