Naomba ushauri: gitaa lililochakazwa makusudi limebanduka, nitengeneze au niache?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina Fender Road Worn, gitaa la umeme linalochakazwa makusudi kiwandani, vanishi yake ya nitroselulosi, ile nyembamba ya kizamani. Juzi mazoezini hapa Mji Mkongwe lilianguka kutoka kwenye stendi, ukingo wa chini ukabanduka hadi mti unaonekana, ukubwa wa sarafu. Sauti iko sawa, shingo haikupinda. Kinachoniuma ni rangi: michubuko ya kiwandani imekolea ukahawia, hii mpya nyeupe pee, kama kidonda. Nimelifuta kwa kitambaa kikavu tu. Selotepu sikubandika, nachelea gundi itaharibu vanishi.

Je, niache mti uzeeke wenyewe, au unyevu huu wa pwani utaibandua vanishi ya pembeni? Na tone la rangi ya kucha isiyo na rangi litaziba, au litazidisha?