Kubeba mimba tena baada ya mimba kutunga kwenye kovu la upasuaji

Mama Neema: Habari zenu. Nimejifungua mara mbili kwa upasuaji, na mimba ya tatu ilitunga kwenye kovu. Iligunduliwa mapema, nikachomwa sindano za methotreksati (dawa ya kusimamisha ukuaji wa mimba) kisha nikasafishwa kizazi. Homoni ya mimba imeshuka kabisa na hedhi imerudi, lakini niliporuhusiwa sikuelezwa lolote kuhusu uzazi wa baadaye. Je, naweza kushika mimba tena, na je, tatizo hili hujirudia?

Mkunga wa Tanga: Pole sana, dada. Kizazi, mirija na mayai yako vimebaki, kwa hiyo uwezo wa kushika mimba kwa kawaida haupotei, na wako wanawake wengi waliozaa salama baada ya matibabu kama yako. Usiharakishe, hata hivyo. Methotreksati hupingana na asidi ya foliki (aina ya vitamini B) mwilini na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo tumia uzazi wa mpango kwa angalau miezi 3 tangu sindano ya mwisho, kisha anza vidonge vya foliki kabla ya kutafuta mimba.

Bingwa wa Uzazi: Naongezea la kujirudia, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Hujirudia kwa baadhi ya wanawake, hasa pale ukuta wa kizazi kwenye kovu unapokuwa mwembamba, na ultrasaundi kabla ya mimba inaweza kuupima. Hedhi ikichelewa tu, pima mkojo, na ufanyiwe ultrasaundi ya kupitia ukeni katika wiki ya 6 au ya 7, ukimweleza mpimaji historia yako yote. Usikubali kusubiri kliniki ya miezi mitatu, kwani kadiri mimba inavyokua, kifuko chake husogea juu kuelekea ndani ya kizazi, na mimba iliyotunga kwenye kovu ikaonekana kana kwamba iko mahali pake.

Mama Neema: Asante sana, daktari. Ikiwa imekaa vizuri, je, hatari inakuwa imekwisha?

Bingwa wa Uzazi: Inapungua, mama, ila bado kondo la nyuma linapaswa kuchunguzwa baadaye, kwani likikaa juu ya kovu linaweza kujichimbia katika ukuta wa kizazi na kusababisha kutokwa na damu nyingi. Panga kujifungua kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, katika hospitali ya rufaa yenye damu ya kutosha, na kama unaishi mbali, hamia karibu nayo mapema.