Mnaofundisha asembli ya kerneli, mbona mnaruka operandi?

Wakuu mnisamehe, leo nimechoka.

Kila somo la kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo) likifika kwenye arch_atomic_add ya x86 (prosesa za Intel na AMD), ile kazi ya kuongeza i kwenye kihesabu bila kuingiliwa, mwalimu anabandika hiki kipande cha asembli, lugha ya amri za prosesa:

asm volatile(LOCK_PREFIX "addl %1,%0" : "+m" (v->counter) : "ir" (i) : "memory");

Kisha anasema "inajumlisha kwa usalama", huyoo kaondoka. Kwamba inajumlisha tunaona wenyewe! Tunachouliza ni huo mkia baada ya nukta pacha: operandi, yaani vitu ambavyo amri inavifanyia kazi.

Hesabu ya operandi inaanza na matokeo ndipo ingizo, kwa hiyo %0 ni v->counter na %1 ni i. Ndani ya addl chanzo kinatangulia, mpokeaji anafuata, kinyume cha vitabu vya Intel. "+m" ni kwamba thamani inasomwa na kuandikwa palepale kwenye kumbukumbu. Weka "=m" peke yake uone: umeiambia kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa amri za mashine) thamani ya zamani haina kazi, nayo ina ruhusa ya kuifuta kabla hujaifikia, bila onyo lolote. "ir" ni namba yenyewe au rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), kompaila ichague. Halafu "memory", ambayo wengi wanaisema kama vile ndiyo kufuli. Wapi! Inaizuia kompaila tu isivushe usomaji na uandishi wa kumbukumbu kupita hapo. Kufuli ni LOCK, kile kiambishi mbele ya addl kinachozuia prosesa nyingine kuingilia kati.

ARM64, prosesa kama za simu nyingi, ndiyo inayonitoa povu. Kuna kitanzi cha ldxr (inapakia thamani) na stxr (inaihifadhi), na tokeo, result, limeandikwa "=&r". Ile & hakuna anayeigusa, na ndiyo roho ya kitu chote! Bila hiyo, kompaila hudhani ingizo zote zimeshasomwa kabla tokeo halijaandikwa, hivyo inaweza kuvipa result na i rejista moja. ldxr ikipakia, i imefutika, na add inajumlisha kihesabu na kihesabu chenyewe. Ulitaka kuongeza 3 kwenye 40, umepata 80. Nenda katafute hilo kosa usiku.

Na "+Q"? Kwa ARM64 ni anwani iliyo kwenye rejista moja bila nyongeza, maana ldxr haikubali nyingine. Kwa x86 herufi hiyohiyo ni rejista a, b, c au d. Nani aliwahi kukwambia?

Ukiuliza, magwiji wanakujibu "nakili tu, inafanya kazi". Inafanya kazi kwenye mashine yako, mkuu, kwa toleo hilo la kompaila. Na tangu toleo la 3.1 la kompaila ya GCC, operandi zinapewa majina, unaandika %[v] ukaeleweka. Mbona masomo yenu bado yamejaa %0 na %3?