Mkataba wa mali kabla ya ndoa: uifunge mahakama au usiifunge?

HOJA: Wawili wameandikiana kabla ya harusi kwamba mali ya kila mmoja inabaki yake: kiwanja Kigamboni cha huyu, banda la kupangisha Mbagala la yule. Ndoa ikivunjika, sheria imlazimishe hakimu kuufuata mkataba huo?

MCHANGIAJI WA SINZA: Imlazimishe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali, na inatambua makubaliano ya wanandoa. Watu wazima wamesaini kwa hiari yao, hakimu anaingilia nini?

WAKILI, KINONDONI: Kaka, kifungu cha 58 kinakupa unachotaka hata bila mkataba. Kinachokusumbua ni cha 114, kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja. Kifungu kidogo cha 3 kinaongeza humo hata mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa, endapo mwenzako, au ninyi wawili, mmeiendeleza kwa kiasi kikubwa. Banda lilikuwa na vyumba 3. Ndani ya ndoa vimeongezwa 5, umeme umevutwa, choo kimejengwa. Mkataba unasema "nyumba ya Mbagala ni ya mume" basi. Nyumba ipi, ya vyumba 3 au 8?

Hapo ndipo mikataba mingi inapofia. Ambatisha orodha: namba ya kiwanja, au leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, hali ya jengo siku ya kusaini (msingi, lenta au limeezekwa), picha zenye tarehe, salio la mkopo. Kila mmoja awe na wakili wake. Na msisainishane wiki ya kitchen party, wakati kadi zimeshagawiwa na ukumbi umeshalipiwa. Mtu akisema alibanwa, nani atambishia?

DADA WA TABATA: Mkataba mgumu unamlinda mwenye karatasi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali, japo yeye mwenyewe hakupata mgawo. Ukimfunga hakimu kwa mkataba, mwanamke aliyelea watoto na kusimamia mafundi kwa miaka 15 unamrudisha alikokuwa kabla ya shauri lile.

MJUMBE WA BARAZA LA KATA: Mnagombania mgawo, na talaka yenyewe bado. Mkataba hauruki baraza. Kifungu cha 101 kinataka shauri lianzie Baraza la Usuluhishi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Hati ya baraza isizidi miezi 6 siku ya kufungua shauri. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Kosa la kila siku: hati inasimulia ugomvi ukurasa mzima bila kutamka kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Shauri linaonekana halijaiva, mnarudishwa mwanzo.

MCHANGIAJI WA SINZA: Na waliooana Kiislamu, mume ameshaandika talaka?

MJUMBE WA BARAZA LA KATA: Karatasi ya talaka peke yake haitoshi. Kifungu cha 107(3): baraza lithibitishe kwanza kwamba limeshindwa, ndipo talaka itamkwe baada ya hapo, kisha mahakama itoe amri. Wengi wanageuza mpangilio.

WAKILI, KINONDONI: Nirudi kwa dada wa Tabata. Nakubaliana naye nusu. Mkataba uifunge mahakama kwa mali ya kabla ya ndoa iliyoorodheshwa, jinsi ilivyokuwa siku ile. Kilichoongezwa baadaye kibaki mikononi mwa hakimu. Malezi na matunzo ya watoto yasiguswe kabisa, maana huko kinachotazamwa kwanza ni maslahi ya mtoto.

MCHANGIAJI WA SINZA: Basi tuandike kwamba nyongeza yoyote itahesabiwa kwa risiti.

DADA WA TABATA: Risiti ya saruji, kaka, huandikwa jina la aliyetumwa dukani.