Naombeni ushauri: digrii ya tiba ya wanamichezo Marekani, nipo Nachingwea na muda umebana

Mwana wa Nachi (mleta uzi), Julai 2024

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, matokeo yametoka juzi na nimepata Division One. Tangu zamani natamani kuwa wale watu wanaoingia uwanjani mbio na mkoba mchezaji akianguka. Wenzetu Marekani wana digrii kamili ya kazi hiyo, wanaiita athletic training: unazuia majeraha, unatoa huduma ya kwanza, unamrudisha mchezaji mazoezini hatua kwa hatua. Nataka kusoma hiyo, siyo ukocha wala mambo ya jimu.

Naomba kujua nyaraka gani niandae, na hayo masaa ya kukaa chini ya mtaalamu ukimwangalia anavyofanya kazi nayapata wapi nikiwa huku Nachingwea. Nina haraka kidogo.

Ngalawa Bovu

Huku kwetu fani hiyo ipo siku nyingi. Vifaa vyake ni ndoo, sponji na spirei. Mchezaji kavunjika mguu, anamwagiwa maji kichwani.

Bi Mwera

Hongera mwanangu. Lakini kwa nini uende mbali hivyo? One yako soma ualimu wa sayansi, shule zetu za Lindi zina njaa ya walimu. Wazazi wanasemaje?

FizioKusini

Mdogo wangu, hongera. Kabla ya nyaraka, elewa ngazi zenyewe.

Marekani programu za fani hiyo zinaidhinishwa na tume inayoitwa CAATE. Ukimaliza programu iliyoidhinishwa unafanya mtihani wa BOC, bodi inayotoa cheti cha fani hiyo, kisha jimbo linakupa leseni. California tu ndiyo haina leseni hiyo. Usipotoka kwenye programu ya CAATE, BOC hawakusajili kwa mtihani hata uwe na A tupu. Na kuanzia muhula wa vuli wa 2022 vyuo havikuruhusiwa tena kupokea wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza ya fani hiyo. Sasa mlango wa kuingilia ni uzamili. Mtu wa form six anaanza na shahada ya kwanza ya sayansi ya mazoezi, baiolojia au kitu cha jirani, miaka minne, halafu uzamili miaka miwili. Vipo vyuo vinavyobana ikawa mitatu na miwili, ila kiti cha ile miwili ya mwisho unakigombea kwa GPA.

Ukifika kwenye uzamili watataka uwe umesoma baiolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Wengi hawapokei chini ya C, na wengine wanataka somo liwe na maabara yake. Maombi ya vyuo vingi hupita kwenye mfumo wa pamoja wa ATCAS. Ukipata nafasi, kabla hawajakugusisha mgonjwa wanadai chanjo ya homa ya ini B, surua, kipimo cha TB na cheti hai cha kuokoa maisha, yaani kukandamiza kifua na kupumulisha.

Masaa: hamsini ni kiwango cha kawaida, vingine zaidi, chini ya mtu mwenye cheti cha BOC. Hapa Bongo mtu huyo utamtafuta kwa tochi. Andikia chuo uulize kama wanapokea masaa ya chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wakikubali, kila siku andika tarehe, saa ya kuingia na kutoka, ulichokiona kikifanyika, na sahihi ya msimamizi. Karatasi iliyojazwa siku moja kwa kalamu moja huwa inajulikana.

Sasa nijibu: kombi gani, na nani kakwambia form six unaingia moja kwa moja?

Mzee wa Mikindani

Niongezee, maana wengi wanadhani kazi ni kufunga bandeji. Chukua mchezaji aliyezidiwa na joto, na pwani hii joto tunalijua. Kachanganyikiwa, hajui hata matokeo ya mechi. Joto la ndani ya mwili limepita 40. Kipimo cha kwapani kitakudanganya, ndiyo maana wao hupima kwa njia ya haja kubwa. Kumpakia kwenye gari haraka kukimbilia hospitali ndilo kosa linaloua. Anazamishwa pale pale kwenye beseni kubwa au pipa lililokatwa, maji na barafu mpaka kifuani, kichwa kimeshikiliwa juu, na maji yanakorogwa muda wote, maana yakitulia yale yanayogusa ngozi yanapata moto na hayapoozi tena. Likishuka karibu na 39 anatolewa, ndipo safari ya hospitali. Kupooza kwanza, kusafirisha baadaye. Timu ngapi zinazocheza viwanja vya Ilulu au Nangwanda zina pipa la barafu pembeni?

Ngalawa Bovu

Barafu ipo mzee. Ya juisi ya ukwaju.

Mwana wa Nachi

Asanteni wakuu. Kaka Fizio, kombi siyo tatizo, One ni One. Kuna chuo kimeshanikubali shahada ya kwanza ya fani hiyo hiyo, miaka minne. Ndiyo maana nauliza nyaraka tu.

FizioKusini

Matokeo yametoka juzi, chuo kimekukubali lini? Na nakuuliza tena, kombi gani? Alama zitaje moja moja.

Tandahimba Moja

Dogo anakwepa kombi kama mpira wa kona. Mimi kipindi nasoma Ndanda tulikuwa na jamaa mmoja hivi…

Bi Mwera

Stori ya Ndanda ifungulie uzi wake baba. Mtoto ajibu.

Mwana wa Nachi

CBG. Jiografia B, Baiolojia C, Kemia D. Ni One ya pointi 9, sijadanganya.

Chuo nimepata kupitia wakala yuko Dar. Alinifanyia kwa matokeo ya form four na ya mock. Barua ipo, ina nembo na muhuri wa chuo. Nimeshalipa dola 1,200 za kushika nafasi, nyingine 1,200 mwisho Ijumaa hii, nisipolipa nafasi anapewa mwingine. Mzee wangu kauza korosho kwenye mnada wa wiki mbili zilizopita ndiyo tukapata. Msinifikirie mjinga, jina la chuo nimelitafuta na kipo kweli.

FizioKusini

Chuo kuwepo hakuthibitishi barua. Fanya haya leo, yote ni bure:

Fungua tovuti ya CAATE, sehemu ya kutafuta programu, andika jina la chuo. Utaona ngazi ya programu na hali yake: nzima, kwenye uangalizi, au inajiondoa. Ukikuta uzamili tu, mtu aliyekuandikia barua ya shahada ya kwanza hakutoka chuoni.

Tazama barua pepe ilikotoka. Vyuo vya kule huandika kutoka anwani zinazoishia na .edu. Kisha wewe mwenyewe andikia ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, usitumie iliyo kwenye barua. Wape jina lako na namba ya maombi, uliza kama wanakutambua.

Dai fomu ya I-20. Bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Inatolewa na chuo chenyewe, baada ya kuona salio la benki linalobeba mwaka mzima wa kwanza: ada, malazi, bima. Ina namba inayoanza na herufi N. Kwa namba hiyo unailipa serikali yao moja kwa moja dola 350, na ada ya viza kwa mwaka huu wa 2024 ni dola 185. Hakuna wakala katikati hapo.

Halafu TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Wakala wa kupeleka wanafunzi nje lazima asajiliwe na TCU, na orodha ipo kwenye tovuti yao. Mwanafunzi naye huomba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka. Alikutajia hati hiyo?

Mwana wa Nachi

Hakunitajia. Lakini kaka, watu wengi wamekwenda kupitia yeye, ana picha zao uwanja wa ndege. Na hapa nyumbani mnataka nisome nini? Fiziotherapia chuo cha KCMC Moshi nimeangalia, sina Fizikia.

Kiboko ya Chai

Samahani wadau, nimesoma uzi wote nikanyamaza. Hii ni chai, tena ya rangi.

Korosho huku zinauzwa kuanzia Oktoba. Julai hii mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa salfa. Mnada wa korosho wa "wiki mbili zilizopita" ulifanyika wapi, mwezini? Aidha mleta uzi hayupo Nachingwea, aidha yeye ndiye wakala anapima watu wanajua nini ili atengeneze barua nzuri zaidi. Na nyinyi mnampa somo la bure, mpaka herufi ya N mmemtajia.

Tandahimba Moja

Duh. Kweli kabisa. Korosho ya mwezi wa saba!

Ngalawa Bovu

Labda ni za kukaanga. Wakala, kama ni wewe, nami nina form four nataka kwenda kutibu LeBron.

Bi Mwera

Hata kama ni chai, mtoto wa mtu mwingine atasoma. Ila wewe kijana, sema kweli.

Mwana wa Nachi

Nachingwea ni ndogo, nilisema korosho nisijulikane. Ni ufuta. Na siyo wa mzee, ni wa mjomba, mnada wa juzi juzi, hela imeingia benki akanipa. Yeye anajua ni ya chuo. Kwamba ni nje sijamwambia, nilitaka viza itoke kwanza. Sioni kosa liko wapi, hela nimeitumia kwa chuo kama nilivyosema.

Kiboko ya Chai

Ufuta sawa, huu ndio msimu wake. Hapo nakuamini nusu. Hiyo nusu nyingine mpe mjomba, umwambie kabla ya Ijumaa.

FizioKusini

Awe wa kweli au wa kubuni, majibu ni yale yale, kwa hiyo namalizia.

KCMC shahada ya fiziotherapia inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla pointi 6 kwa hesabu ya TCU, siyo ile ya One, na Kemia isiwe chini ya C. Wewe Fizikia huna kabisa na Kemia una D, kwa hiyo umekwama mara mbili. Kufanya Fizikia ya Advance kama mtahiniwa wa kujitegemea bila maabara ya kushika vifaa sikushauri, karatasi ya vitendo itakuangusha.

Njia inayopitika ni stashahada ya fiziotherapia, miaka mitatu. Hapo wanaangalia form four: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D inatosha. Maombi yanapita kwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, siyo TCU, watu wengi wanakosea dirisha hapo. Ukitoka na GPA ya 3.0 unarudi kuomba shahada kwa sifa linganifu. Ila kwa njia hiyo wanafungua tena cheti cha form four na kutafuta Hesabu na Kiingereza. Una nini?

Mwana wa Nachi

Fizikia D. Kiingereza C. Hesabu F.

FizioKusini

Basi Hesabu unairudia ukiwa ndani ya stashahada. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari, mtihani Novemba. Wa mwaka huu umeshapita, usimpe mtu hela anayesema atakuingiza.

Ukiwa na shahada ya fiziotherapia, anatomia na fiziolojia unazo tayari, na uzamili wa Marekani unauomba kwa mlango halali. Tena uliza mapema saikolojia na fizikia yako kama zinatosha. Wakati huo masaa ya vitendo utakuwa nayo kwenye daftari la mafunzo. Ukitaka michezo haraka bila hospitali, UDSM wana elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na kwa pointi zako unafikia kiwango cha jumla cha TCU. Soma masharti ya programu yenyewe kwenye kitabu chao. Jua tu kwamba hiyo haikupi ruhusa ya kutibu mtu.

Kuhusu Marekani, ubalozi Dar wana washauri wa EducationUSA. Hawatozi hata mia.

Mwana wa Nachi

Wakala amejibu. Anasema I-20 itatoka nikimaliza malipo ya pili.

FizioKusini

Chuo hakiuzi I-20 kwa awamu. Muulize salio la benki waliloliona ni la nani, maana bila hilo hawawezi kuitoa. Weka risiti na meseji zote, usifute hata moja. Ukienda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa, watauliza namba iliyopokea hela na jina lililotokea kwenye simu.

Mwana wa Nachi

Jina lililotokea siyo lake. Alisema ni la mhasibu.

Ngalawa Bovu

Mhasibu wa chuo cha Marekani ana laini ya Tanzania. Sawa.

Mwana wa Nachi

Ya NACTVET naanza kesho, naenda mjini kwenye intaneti. Ya Ijumaa ngoja kwanza nisikie chuo watajibu nini, nimewaandikia. Jamani, jina la mjomba msilitafute.

Tandahimba Moja

Halitafutwi. Mkuu Fizio, na mwenye HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, je, kuna mlango?

FizioKusini

Form four Kemia, Baiolojia na Fizikia una nini?